Pancha zisizo na mwiba: Jeska na warina asali wa Ipembe

Mkono unaoingia kwanza ndani ya tairi si wa fundi. Ni wa mteja.

Jeska Manirambona amesimama pembeni, mikono ameikunja kifuani mahali ambapo kila mtu anaiona. Mbele yake mwanamume aliyekuja na magunia mawili ya mkaa anapapasa ndani ya tairi lake la nyuma, polepole, macho ameyafumba. Mara uso unamkunjamana.

“Umeupata?” anauliza Jeska.

“Umenipata wenyewe.”

“Utoe. Mimi siugusi.”

Mwanamume anachomoa mwiba mrefu wa mtundulu, kile kichaka ambacho wafugaji hukikata kuzungushia maboma yao. Anauangalia kwa chuki, kisha anautia kwenye kopo alilonyooshewa. Hapo ndipo fundi anapopiga magoti. Anaijaza tyubu upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji na kumwita mwenye mali asogee.

“Mapovu yako hayo. Yanatoka sehemu ngapi?”

“Moja.”

“Sema na hawa wasikie.”

“Moja, mama. Sehemu moja.”

“Haya. Kesho usije ukasema ya pili niliitoboa mimi.”

Wanaotakiwa kusikia ni wateja wengine watatu waliokaa kwenye gogo, kila mmoja jicho lake liko kwenye baiskeli yake. Hakuna anayecheka. Hapa njia panda ya Ipembe, kitongoji kilicho upande wa msituni ukitokea Kigwa, wilayani Uyui, huo ndio utaratibu wa kuziba pancha. Mtu haachi baiskeli kwa fundi akaenda zake. Anakaa, anatazama vidole.

Na fundi naye anawatazama. Pampu yake ameifunga kwa mnyororo kwenye shina la mwarobaini. Chupa ya gundi iko mfukoni mwa aproni, na vyuma viwili vya kutolea tairi havitui chini hata akienda kunywa maji.

“Mimi nao tunaviziana,” anasema mama huyu wa watoto wanne mwenye umri wa miaka 43. “Lakini afadhali ya sasa. Mwaka jana walitaka kunifukuza.”

Jeska alizaliwa Ulyankulu, katika familia ya wakulima wenye asili ya Burundi. Baba yake, mzee Manirambona, aliziba pancha za baiskeli zilizobeba tumbaku, na binti ndiye aliyeshika tochi na beseni tangu akiwa darasa la tatu.

“Baba alinifundisha mambo mawili,” anasema. “Kukwangua mpira mpaka uwe mkavu kama majivu, na kutomwamini mtu aliyepata pancha. Alisema anayekuja kwako amekuja na hasira, na hasira inatafuta pa kukaa.”

Alifika Ipembe miaka sita iliyopita pamoja na mumewe, Jonasi, ambaye wajomba zake walimpa shamba la mahindi. Njia panda ilikuwa haina fundi. Aliyekuwepo kabla yake aliondoka kimyakimya baada ya watu kusema alikuwa anaficha sindano kwenye pindo la shati, na kila tyubu iliyoingia kwake na tundu moja ilitoka na viraka vitatu. Kama kweli sindano ilikuwepo, hakuna aliyewahi kuiona. Lakini fundi yule aliondoka, na shaka yake ikabaki pale pale chini ya mwarobaini, ikimngoja atakayefuata.

Ndiyo maana Jeska alianzisha desturi ya kumfanya mteja autoe mwiba kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kiraka kimoja anatoza shilingi mia tano. Kwa miaka mitano desturi ile ilimlinda.

Kisha zikaja pancha zisizo na mwiba.

Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka jana, siku zile za jua kali la kabla ya mvua. Wanaume wengi wa Ipembe ni warina asali. Huondoka alfajiri kwa baiskeli kwenda kwenye mizinga yao msituni, na hurudi mchana na ndoo za asali zimefungwa nyuma. Msitu unaishia kilomita mbili hivi kabla ya njia panda. Kuanzia hapo ni changarawe na jua tupu mpaka kwa Jeska.

Wakaanza kufika wakisukuma baiskeli kwa mkono. Leo mmoja, kesho wawili. Wote matairi chini, wote wametokea upande wa msitu, wote mchana.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Renatus Mihambo, mrina asali mwenye mizinga mingi kuliko wenzake, na mwenye sauti ya kusikika ng’ambo ya reli.

“Aliingiza mkono ndani ya tairi akazungusha mara mbili,” anakumbuka Jeska. “Akautoa mtupu. Akaniuliza, ‘Mama, mwiba uko wapi?’ Nikamwambia tafuta tena. Akanijibu, ‘Nitafute mpaka lini? Mwiba ungekuwepo ungenichoma.’”

Desturi iliyomlinda ikamgeukia. Kila mrina asali aliyepapasa akatoa mkono mtupu, na wote kwenye gogo waliona.

Renatus mwenyewe hakani aliyoyasema siku zile. “Mimi nilihesabu,” anasema. “Nikienda asubuhi napita hapa kwake, tairi zima. Nikirudi, karibu na kwake, tairi chini. Sasa wewe ungefikiri nini? Kuna kitu kinawekwa barabarani sisi tukishapita.”

Barabara yenyewe ni kongwe. Wenyeji husimulia kwamba misafara ya wapagazi ilipita hapa ikielekea Unyanyembe, na kwamba mtemi wa hapa aliizuia mpaka ilipe ushuru wa nguo na shanga, ulioitwa hongo. Renatus aliifufua hadithi hiyo kwenye kilabu cha pombe. Alisema mtemi amerudi, safari hii amevaa aproni na ana beseni.

Maneno yale yalipendwa. Watoto wakaanza kumsalimia Jeska, “Shikamoo mtemi,” halafu wakakimbia.

Angeweza kuyavumilia kama kazi yake ingekuwa imara. Lakini hata viraka vilianza kumsaliti. Tyubu za wenye mkaa alizoziziba zilidumu. Za warina asali zilibanduka, nyingine siku ya pili, nyingine kabla mtu hajafika kwake. Kiraka kilichomoka kizima, kama ganda la yai.

“Nilipokuwa nazikwangua niliona zinateleza kidogo,” anasema. “Nikafikiri wananipakia mafuta kusudi ili waniharibie jina. Sikuwauliza. Ukimuuliza mtu anayekushuku, anasema unajitetea.”

Badala ya kuuliza, naye alitafuta wa kumshuku. Alipanda gari mpaka Tabora mjini, dukani kwa Sadiki, mwuza vipuri aliyekuwa akimwuzia gundi tangu alipoanza kazi, na kumwambia mbele za watu kwamba gundi yake imechakachuliwa. Sadiki hakupandisha sauti. Alimrudishia hela yake na kumwambia akanunue kwingine. Jeska akanunua kwingine. Viraka vikaendelea kubanduka.

Halafu wakaja nyuki.

Walikuja wachache, adhuhuri, wakazunguka tyubu kuukuu alizozitundika kwenye kamba. Kesho yake wakawa wengi zaidi. Hawakuuma mtu. Walitua juu ya mpira mweusi, wakatembea, wakaruka, wakarudi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji alisimama, akatazama, kisha akazunguka kwa njia ya mashambani. Siku iliyofuata watu wengi zaidi walipitia mashambani.

Habari zikamfikia mwenyekiti wa kitongoji, mzee Nestory. Alikuja mwenyewe jioni, akakaa kwenye gogo ambalo sasa halikuwa na mteja.

“Mwanangu,” alimwambia, “mimi sisemi ni dawa. Wala sisemi si dawa. Jumapili baada ya ibada tutakaa. Watu wanataka uhame njia panda. Njoo na la kusema.”

Kuhama njia panda kulikuwa na maana moja tu. Kigwa kuna mafundi watatu karibu na stesheni, na vijiji vya msituni watu hupita tu, hawasimami. Asingekuwa na mahali pengine pa kuweka beseni lake ila Ulyankulu kwa baba yake.

“Ningerudi niseme nini?” anauliza. “Kwamba nimefukuzwa kwa uchawi? Jina hilo halikwanguliwi kwa msasa. Binti yangu Prisila angelibeba mpaka kwenye ndoa yake.”

Aliyekuja kumwokoa hakuja kwa nia hiyo. Alikuja kumkamata.

Katarina, mke wa Renatus, ni mtunza ghala wa kikundi cha wanawake wa kanisa la Moraviani wanaochemsha masega na kuuza nta. Wanaume hurina asali, wanawake huchukua masega yaliyokamuliwa, huyayeyusha na kuyamimina kwenye sufuria yagande kuwa mikate ya nta. Mikate hiyo huwekwa chumbani kwa Katarina mpaka mnunuzi afike. Mwezi ule mikate ilikuwa inamegeka. Leo pembe moja imeng’olewa, kesho nyingine.

“Wenzangu walianza kunitazama vibaya,” anasema Katarina, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. “Mmoja aliniuliza kwenye maombi kama nimeanza biashara yangu. Kwenye maombi.”

Aliposikia nyuki wamehamia kwa fundi, hakufikiria dawa. Alifikiria nta yake. Mtu anamwibia na kumwuzia yule Mrundi, aliwaza, na nyuki wamemfichua. Ijumaa alitoka nyumbani mapema na kwenda moja kwa moja njia panda.

“Hakunisalimia,” anasema Jeska. “Akasema, ‘Nimekuja kupekua.’ Nikamwambia, pekua. Nilikuwa nimechoka.”

Katarina alipekua. Alimwaga kopo la miiba, akafungua mfuko wa viraka, akainusa chupa ya gundi, akakohoa. Hakupata nta. Wakati huo nyuki wawili walikuwa wametua kwenye tyubu moja iliyotundikwa. Aliwapunga, akaishika tyubu pale walipokuwa, akaikwaruza kwa ukucha. Akaunusa ukucha.

Kilichofuata, wanawake hao wawili wanakisimulia kwa pamoja, wakikatizana.

“Nikamuuliza, tyubu hii ya nani?” anasema Katarina.

“Nikaogopa kusema.”

“Nikamwambia, dada, sema tu, leo sitaki kuficha mtu.”

“Nikasema, ni ya mume wako. Alinunua mpya, hii akaniachia.”

“Nikakaa chini.”

“Alikaa pale kwenye gogo muda mrefu. Nikafikiri anaumwa. Kumbe anacheka.”

Ilikuwa hivi. Mwiba unapomchoma mrina asali katikati ya msitu hakuna fundi. Basi hutoa mwiba, huutupa, humega kipande cha nta mfukoni, hukilainisha kwa vidole na kukibandika kwenye tundu. Asubuhi na baridi, kivulini, nta hushika. Anafika kwenye mizinga, anapakia ndoo, anageuza. Msitu unapoisha na changarawe kuanza kuwaka, mzigo nyuma, nta inalainika. Kilomita mbili zinatosha. Tairi linakwenda chini mbele ya uso wa Jeska, mwiba wenyewe uko msituni tangu asubuhi. Na gundi ya fundi, ikipakwa juu ya mpira uliokwisha kunywa nta, haishiki.

Hawakusema kwa sababu nta haikuwa yao. Ilitoka kwenye mikate ya wake zao.

Jumapili hiyo watu walikusanyika kwenye kivuli cha ghala la zamani la tumbaku. Renatus alisema ya kwake, kwa ile sauti ya ng’ambo ya reli. Aliposema neno hongo, watu wakacheka. Mwenyekiti alipomgeukia Jeska, aliyesimama ni Katarina, tyubu ikiwa begani kama kitenge.

“Baba Wilbroad,” alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, “tundu hili ukiwa msituni uliliziba na nini?”

“Na kitu kidogo tu.”

“Kitu kidogo kinaitwaje?”

“Mama Wilbroad, hayo ni ya nyumbani.”

“Ya nyumbani ndiyo. Yametoka nyumbani kwangu.”

Mwenyekiti akamtaka Renatus azibe tyubu mbele ya wote kama anavyofanya msituni. Katarina akatoa kipande cha nta kwenye pindo la kitenge na kumpa, akimwambia hicho amempimia. Renatus alilainisha, akabandika, Jeska akajaza upepo. Wakaisikilizia. Haikutoa sauti. Wakaizamisha kwenye beseni. Hakuna povu hata moja.

“Mnaona,” alisema Renatus, akiwageukia watu. “Inashika. Kwa hiyo kosa langu ni nini, na pancha zinatoka wapi?”

Watu wakaguna, na mguno ule haukuwa wa kumpendelea Jeska. Anakumbuka alimtazama Jonasi, naye Jonasi akatazama chini.

Mzee Nestory akasema tyubu iwekwe juani, kwenye bati la kibanda cha mlinzi, waendelee na ajenda ya kisima. Wakajadili kisima. Mmoja alitaka kamati mpya, mwingine akadai kamati ya zamani haijasoma mapato. Walikuwa bado wanabishana pale mzee mmoja aliyekaa karibu na kibanda alipoinua mkono.

“Mwenyekiti, mtu wenu anapumua.”

Wote wakageuka. Tyubu ilikuwa inanywea taratibu juu ya bati, ikikunja shingo, huku uzi mwembamba wa njano ukichuruzika kwenye mfereji wa bati. Nyuki mmoja alikuwa ameshafika.

Hakuna aliyeomba radhi kwa sauti. Mwenyekiti alisema suala la njia panda limefungwa. Wanaume kadhaa waliondoka bila kuaga, na siyo kwa sababu ya Jeska. Wake zao walikuwa wameshaanza kuwauliza.

Ingependeza kuandika kwamba tangu siku hiyo Ipembe ni kitongoji cha watu wanaoaminiana. Si hivyo. Yupo bibi mmoja ambaye hadi leo hupitia mashambani, akisema nta haiwezi kuyeyuka siku ya Bwana bila kusaidiwa. Katarina ameweka kufuli mbili, ufunguo wa pili unakaa kwa mwenzake aliyemshuku. Na Jeska bado humwambia mteja atoe mwiba mwenyewe.

Lakini yapo yaliyobadilika. Jeska alirudi mjini kwa Sadiki, akamkuta anafungua duka, akamwambia kwamba gundi haikuwa na kosa.

“Alinitazama,” anasema Jeska. “Akasema, ‘Mama, mimi siku zote hizo nilifikiri wewe unaichanganya na petroli.’ Tukacheka mpaka mteja wake akaondoka.”

Sasa hivi ana mpango ambao Jonasi hauelewi. Anakata viraka vidogo, anavikwangua kabisa, anavifunga na gundi kidogo kwenye karatasi ya nailoni, na kuwauzia warina asali alfajiri wakipita, ili wakichomwa msituni wajizibe kwa kitu kinachoshika. Anawafundisha hapo hapo, juu ya gogo. Jonasi anamwambia anaua biashara yake mwenyewe.

“Pancha haziishi,” anamjibu mumewe, ambaye amekuja kumletea uji. “Mtundulu upo. Mimi nataka anayefika hapa afike na pancha yake ya kweli.”

Akiweza, anataka kujenga kibanda cha bati chenye mlango, mahali ambapo mtu anaweza kuacha baiskeli asubuhi na kuichukua jioni. Anapoulizwa ni ndoto gani kubwa aliyo nayo, hataji kibanda. Kidole chake kinazunguka ukingo wa beseni.

“Nataka siku moja mtu aniambie, ‘Mama, baiskeli hiyo hapo, mimi nakwenda shughuli zangu.’ Aende kweli. Asigeuke.”

Mchana jua limekuwa kali. Kutoka upande wa msitu mtu anakuja akisukuma baiskeli, ndoo mbili nyuma. Ni Renatus. Anaegemeza baiskeli kwenye mwarobaini, anaingiza mkono ndani ya tairi, anachomoa mwiba na kuutia kwenye kopo bila kuambiwa.

“Mtemi, mwadila,” anamsalimia kwa Kinyamwezi, salamu ya mchana.

“Mwadila, baba Wilbroad. Njoo uone mapovu.”

Renatus anaangalia beseni. Anaangalia barabara.

“Utayaona wewe,” anasema. “Mimi ngoja nikanywe kahawa.”

Anavuka kwenda kwa mwuza kahawa aliye ng’ambo ya barabara. Anachukua kigoda, anakigeuza kielekee njia panda, na kukaa, macho yake yakiwa kwenye beseni.

Jeska anaizamisha tyubu. Mapovu yanapanda mahali pamoja.

“Anatazama,” anasema kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa. “Lakini umeona amekaa wapi?”